Ndani ya Boya la Pima Moja

Sijawahi kulala Ukonga, namshukuru Mungu, ingawa ninao ndugu waliolala pale na wakatoka na mengi ya kusimulia. Mie nilifungwa mahali padogo kuliko chumba chochote cha gereza, tena bila kosa, na aliyenifunga hakuwa hakimu wala askari. Alikuwa mtu mwenye njaa aliyetaka mahali pa kukalia. Kisa hiki nimekisimulia barazani mara nyingi, na kila mara wapo wanaocheka mahali ambapo mie sikucheka, kisha mmoja ananikatiza aeleze na yake. Sasa nakiandika, maana karatasi haikatizi mtu.

Kwanza niseme kwamba shule sikusoma. Yaani nilisoma mwaka mmoja na robo, na ile robo niliitumia zaidi kukata majani ya bustani ya mwalimu. Herufi za Kiarabu nilizipata chuoni kwetu Bunju kwa fimbo, hizi nyingine nimezipata ukubwani kwa kutaka mwenyewe. Kwa hiyo nikieleza hesabu hapa, msomi anisamehe. Nitaieleza kama nilivyoiona, na niliiona gizani.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza, vita ya pili imekwisha miaka kadhaa, Temeke ndiyo kwanza inapimwa viwanja. Nilikuwa nimeoa, tumepanga chumba kimoja na ukumbi wa kushirikiana, na mke wangu ana mimba ya kwanza. Kazi yangu ilikuwa kwenye karakana moja upande wa Mtoni, ambako vyombo vya chuma vya baharini vililetwa kubanguliwa kutu na kupakwa rangi upya. Mwenye karakana tulimwona mara moja kwa juma. Aliyetutawala ni nyapara, mzee wa Mafia, mcha Mungu, mwenye sauti ambayo hata akisema polepole unasikia umekemewa.

Masika yale yakaletwa maboya. Boya kwa asiyelijua ni tufe la chuma, tupu ndani, linaloelea majini na meli hufungwa hapo. Moja kati ya hayo lilikuwa kubwa, upana wake pima moja kamili, yaani mtu mzima akinyoosha mikono yake yote miwili ndani yake, vidole vinagusa chuma huku na huku. Lilikuwa na tundu moja tu la kuingilia, upana wa sinia la kulia watu wawili. Nje lilibanguliwa na yeyote, lakini ndani aliingia mtu mfupi mwembamba, na mtu huyo nilikuwa mie. Unaingiza mkono mmoja, kichwa, mkono wa pili, halafu unajivuta kama mtu anayevaa kanzu ya mtoto. Ukishakuwa ndani unawasha koroboi lako, unaliweka chini, unashika nyundo ndogo, unaanza kugonga. Kutu inakuangukia machoni, mdomoni, kila mahali. Makelele ya nyundo hayana mahali pa kwenda, yanarudi kichwani mwako. Jioni mke wangu alikuwa akinena nami na mie namjibu kwa kelele kama niko ng'ambo ya mto.

Hapo karakana palikuwa na karani, kijana wa misheni kutoka bara, mwenye viatu na kalamu sikioni. Simsemi vibaya, alikuwa na moyo. Kazi ikiisha alikaa na sie wanne kwenye upenu wa stoo akatufundisha kuzidisha na kugawanya, bila kutaka chochote isipokuwa tumwite mwalimu. Siku moja akatuelekeza namna ya kujua ndani ya tufe mna nafasi kiasi gani. Alisema unachukua nusu ya upana, unaizidisha kwa yenyewe, unaizidisha tena kwa yenyewe, halafu mara nne, halafu mara ishirini na mbili, kisha unagawa kwa ishirini na moja. Aliandika ubaoni haraka haraka, na sie tukaitikia kwa vichwa kama watu walioelewa.

Mie sikuelewa, na sipendi kulala na kitu ambacho sikukielewa. Nikarudi nyumbani nikachukua danzi moja, lile chungwa kali, la mviringo mzuri, nikatafuta mkebe ambao danzi lile linaenea kabisa, pembeni haliachi nafasi. Nikaukata mkebe urefu wake uwe sawa na danzi. Nikajaza maji, nikalitosa danzi polepole mpaka likazama sawasawa na ukingo, nikayapima yaliyomwagika kwa kikombe cha kahawa.

Mke wangu alisimama mlangoni amejishika kiuno. "Wewe mwanamume, danzi hilo nililiweka la samaki."

"Nalipima."

"Unalipima lina nini, homa?"

Nikamwonyesha. Maji ya mkebe mzima yalikuwa vikombe vitatu. Danzi lilifukuza viwili, kimoja kikabaki. Nikarudia, ikawa vilevile. Basi nikajua: tufe likiingia kwenye mkebe wa kulitosha, linachukua mafungu mawili, la tatu linabaki tupu pembeni pembeni. Nilifurahi kama nimeokota kitu. Kesho yake nikamweleza karani, akacheka akasema hiyo ni hesabu ya jikoni, mie nishike ile ya ubaoni. Nilinuna siku mbili. Nilikuwa mwepesi wa kununa enzi zile, hata kwa chai nilimnunia mtu.

Sasa ije hiyo Ijumaa niliyofungwa.

Boya lilisimamishwa kwenye mteremko wa mchanga, nyuma limezuiwa na gogo la mnazi na mbele limezuiwa na gogo la mnazi. Chini ya mteremko kulikuwa na mtaro wa maji ya mvua, umejaa tope jeusi, na ng'ambo ya mtaro mikoko. Asubuhi ile mvua ilinyesha, ardhi yote imelowa. Ilipofika saa tano na nusu watu wakaacha kazi, wanaokwenda msikitini wakaanza kujitayarisha, wengine wakateleka mihogo. Mie nilibaki ndani. Nilitaka nimalize kipande cha chini ndipo nitoke nikaoge kwa ajili ya sala.

Katika wenzangu alikuwapo Mnyamwezi mmoja, na mie Mzaramo, kwa hiyo sie ni watani. Asiyejua utani ataona ni matusi. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukifiwa anakuja kufanya mzaha kwenye matanga, lakini huyohuyo ndiye anayeshika jembe kwenye kuchimba kaburi. Huyu mtani wangu akapata sahani yake ya mihogo, akatafuta pakavu pa kukaa, hapana. Akaliona lile gogo la mbele. Akawaza, kama alivyonieleza baadaye, kwamba chuma kizito namna ile kikishatulia kitakwenda wapi. Akalibingirisha pembeni, akalikalia.

Na kweli boya halikwenda. Lilikaa pale muda wa mtu kula vipande viwili vya muhogo. Halafu mie, ambaye sijui lolote, nikamaliza upande mmoja, nikainuka na kuvuka kwenda upande wa pili.

Nilihisi sakafu inaondoka. Sikuwa na mahali pa kushika, ndani ya tufe hakuna kona. Koroboi likanipiga kifuani, giza likaingia, nikazungushwa kama mbegu ndani ya kayamba, mguu juu, kichwa chini, nyundo inanifuata. Kisha kishindo, likasimama. Nikabaki nimelala juu ya kitu chororo, baridi. Nikapapasa. Lilikuwa tope. Tundu langu lote limezibwa na tope, na tundu liko chini yangu.

Mafuta ya taa yalikuwa yamenilowesha shati zima. Harufu yake ilijaa mle ndani mpaka ulimi ukawa na ladha ya taa. Nilipiga kelele, na sauti yangu ikanirudia kubwa kuliko nilivyoitoa. Nikagundua jambo moja la ajabu: wao nje niliwasikia vizuri, kila neno, kama wananisemea sikioni. Wao walinisikia uvumi tu.

"Yuko hai?" Huyo nyapara.

"Hai. Si unamsikia anavuma?" Huyo mtani wangu. "Kama nyuki kwenye mzinga. Mzaramo leo kajipatia nyumba ya chuma, mvua haimpati tena."

"Nyamaza wewe. Nani kaondoa gogo?"

Nikasikia sahani ya bati inawekwa chini.

"Nimeuliza, nani kaondoa gogo?"

"Nilidhani limeshatulia, mzee."

"Ukalikalia?"

"Nikalikalia."

"Na mihogo ukala?"

"Ndiyo kwanza nilikuwa naanza."

Wakajaribu kulisukuma. Nikasikia wanahesabu, wanavuta pumzi pamoja, mabega yanagonga chuma. Halikutikisika hata kidogo. Mtaro ulikuwa mwembamba kuliko boya, basi lilikuwa limejikaza kati ya kingo mbili kama kizibo kwenye chupa, na tundu limezama kwenye tope la katikati. Mmoja akasema lichimbwe chini. Nyapara akakataa. Alisema tope likiondolewa boya linaweza kumshukia mchimbaji, tukapata maiti badala ya mfungwa. Dawa ni winchi ya bandarini, na winchi kwa siku ile ya Ijumaa haipatikani, mpaka kesho asubuhi.

Mpaka kesho asubuhi. Nililisikia neno hilo nikaacha kupiga kelele.

"Bwana Karani," nyapara akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua ukali, "mtu aliyefungiwa kwenye kitu kama hiki anapumua muda gani?"

"Hiyo ni hesabu, mzee. Nipe dakika chache."

Alifanya hesabu yake kwa chaki juu ya boya lenyewe. Niliisikia chaki ikitembea karibu na shavu langu, inakwaruza, inasimama, inakwaruza. Nilibana pumzi nisije nikamchanganya. Kisha akasema kwa sauti ya darasani, "Ndani mna futi za ujazo mia tisa na tano. Kwa kadiri nilivyosoma, hewa hiyo inamtosha mtu mmoja mpaka kesho kutwa wakati kama huu, akitulia."

"Una hakika?"

"Nimeirudia mara mbili."

"Alhamdulillahi," akasema nyapara. Akaja akaweka mdomo kwenye chuma. "Mwanangu, sikia. Hewa ipo tele. Kaa kimya, usitikisike, usilie. Tunakwenda kusali, tutakuombea, na kesho winchi inakuja." Halafu nikasikia miguu inaondoka, mingi, na mazungumzo yanapungua kuelekea barabarani. Wasiosali nao wakaenda makwao kula. Alibaki karani, kwa kuwa yeye ni Mkristo na pia aliambiwa asiniache, na akabaki mtani wangu, aliyeambiwa asithubutu kuinuka pale mpaka kesho.

Mwanzoni, kusema kweli, nilifarijika. Mia tisa na tano ni namba kubwa. Nilijilaza pembeni ya tope nikaanza kuomba dua, nikamuwaza mke wangu atakavyoambiwa na jinsi atakavyoanza kwa kugomba kabla ya kulia. Nikawaza pia jambo la aibu, kwamba nimebanwa haja ndogo, na kesho ni mbali. Mtu akisimulia kufungwa hutaja hofu, haja haitaji. Mie nataja.

Lakini zile mia tisa zilianza kunisumbua. Nilinyoosha mikono, kidole kimoja hakikufika kwa kuwa mie ni mfupi, lakini nilijua upana ni pima moja, na pima ni futi sita. Nikawaza, tuseme ningeletewa sanduku la mbao la kulitia boya hili, lienee barabara kama danzi kwenye mkebe. Sanduku hilo lingekuwa futi sita kwenda, futi sita upande, futi sita juu. Chini yake zingepangwa futi sita safu sita. Nikaanza kuhesabu gizani kwa vidole, thelathini na sita. Juu ya hizo tabaka nyingine, na nyingine, mpaka sita. Mara ya kwanza nilipata mia na tisini na sita. Nikajitukana, nikaanza upya kwa kutenga vipande vya kutu mafungu mafungu. Ikawa mia mbili na kumi na sita. Nikarudia. Mia mbili na kumi na sita.

Hilo ni sanduku zima. Na tufe lililomo ndani ya sanduku haliwezi kulizidi sanduku lenyewe. Pembe zote za sanduku zinabaki tupu. Sasa mia tisa imetoka wapi?

Hapo ndipo nilipojua kufungwa. Kabla ya hapo nilikuwa nimekwama tu. Sikujua karani amekosea wapi, kanuni yake nilikuwa nimeisahau, lakini nilijua kwa hakika, kama navyojua jina la mama yangu, kwamba hewa aliyonihesabia haimo. Ilikuwa imo sehemu yake ndogo tu, na hiyo ndogo nilikuwa nimeshaila tangu asubuhi pamoja na koroboi, na iliyobaki imechanganyika na mafuta ya taa. Kichwa kilikuwa kimeanza kugonga. Nilidhani ni kile kishindo. Sasa sikudhani hivyo tena. Na watu wote wenye mikono wamekwenda zao wakiwa na amani, kwa sababu ya namba.

Nikapiga kelele. "Karani, umekosea." Ikanirudia masikioni, umekosea, umekosea. Nje karani akasema kwa upole, "Tulia, rafiki yangu. Hewa ipo." Nikapiga tena. Akasema, "Anaogopa, maskini." Mtani akasema, "Anaimba. Wazaramo hata kaburini wanapiga ngoma." Lakini mzaha huo mwenyewe hakuucheka.

Kila kelele ilikuwa inanila pumzi. Nikanyamaza. Nikapapasa nyundo. Nikagonga sita, nikapumzika. Nikagonga sita, nikapumzika. Nikagonga sita.

"Anagonga nini?" akauliza mtani.

"Sita. Tena sita. Tena sita."

"Anauliza saa huyo. Alitaka kusali. Mwambie saa sita imepita zamani, sasa saba u nusu."

Karani akaweka mdomo kwenye chuma akaniambia, "Saa saba u nusu."

Ningeweza kulia. Nikagonga tena, kwa nguvu na polepole, sita, sita, sita.

"Labda anataka watu sita wamsukume," akasema karani.

"Au ananitukana. Mie namjua, hili litakuwa tusi la kwao Bunju."

Nikagonga mara ya tatu. Mkono ulikuwa mzito, nyundo ilinitoka mara mbili, nikawa siwezi kuikamata vizuri kwa jasho. Nilimaliza hata hivyo. Kisha nikaisikia chaki. Ilikwaruza kidogo, ikasimama. Ikakwaruza tena, sehemu ileile. Halafu viganja viwili vikapiga chuma juu ya kichwa changu, pa, kama mtu aliyetaka kuanguka akajizuia.

"Nimezidisha upana mzima," karani akasema.

"Upana wa nini?"

"Ilitakiwa nusu. Nusu ya upana, tatu. Nimetumia sita. Ni mia na kumi na tatu tu."

"Mie hizo sizijui, Bwana Karani. Kesho kutwa ipo au haipo?"

"Haipo. Hata kesho haipo. Magharibi ya leo sijui kama anafika."

Nilingoja mtani wangu aseme neno la mzaha, nilikuwa na hamu nalo kwa kweli. Nikasikia ameruka mtaroni, tope likapiga *chwap*, akaanza kuchimba. Stoo ilikuwa imefungwa, ufunguo uko msikitini kiunoni mwa nyapara, kwa hiyo alichimba kwa sahani yake ya bati na kwa mikono. Karani akamwambia, "Mzee amesema litakushukia." Akajibu, "Likinishukia nitamshtaki huyo aliyemo ndani. Vua viatu uingie." Na karani akaingia.

Mie nilianza kuchimba kutoka ndani. Nilichota tope kwa mikono kupitia tundu, nikilitupa nyuma yangu, na lile nililochota likawa linarudi kuniteremkia miguuni, maana ndani ya tufe kila kitu kinarudi katikati. Nilichimba nikapumzika, nikachimba nikapumzika, na mapumziko yakawa marefu kuliko kuchimba. Macho yalianza kuona rangi ambazo hazikuwapo. Nilimwona mke wangu amelishika danzi. Nikafikiri, nikilala kidogo nitaamka na nguvu, na wazo hilo lilikuwa tamu sana, nalikumbuka mpaka leo kwa utamu wake kuliko hofu zote za siku ile.

Mkono wangu ulikuwa kwenye tope mpaka begani nilipohisi kitu kinanishika vidole. Kilikuwa cha moto. Kilinikamata kikavuta, na nje nikasikia mtani anasema, "Nimempata. Ana kucha ndefu kama mchawi." Baada ya mkono, ikaja hewa. Ilikuja na harufu ya tope bovu na mikoko, na mie niliweka mdomo kwenye kile kijitundu nikaivuta kama mtoto anyonyaye.

Hawakuweza kunitoa wawili. Walilinda kile kitundu kisizibe mpaka watu waliporudi kutoka msikitini, na hapo kila mtu alichimba bila kuulizwa kitu kuhusu kushukiwa. Nilitoka kichwa mbele, mweusi wa tope na kutu, ninanuka taa. Mtani wangu akanitazama toka juu hadi chini.

"Umezaliwa mara ya pili," akasema, "na bado mbaya vilevile."

Nyapara alisimama juu ya ukingo na kofia yake mkononi. Alimwuliza karani kwa nini wamechimba wakati alikataza, na hewa ipo mpaka kesho kutwa. Karani alikuwa na tope mpaka mapajani. Angeweza kusema lolote, hakuna aliyejua kusoma ile chaki. Akasema, "Nilikosea, mzee. Huyu ndiye aliyenisahihisha."

"Kutokea mle ndani?"

"Kutokea mle ndani."

Nyapara akavaa kofia yake, akaniambia nikaoge, sala ya alasiri isinipite na hiyo.

Mngependa niseme kwamba sikurudi tena kwenye boya. Jumamosi winchi ililiinua, likasimamishwa upya, magogo yakafungwa kamba. Jumatatu nyapara akasema ndani bado nusu. Akatutazama wote, akaangalia mabega ya watu, akaangalia tundu. Hakunitaja. Alisubiri tu, na wenzangu wakawa wanatazama chini. Kipande changu, ile kadi ya siku za kazi, kilikuwa hakijajazwa siku zake, na bila kipande kuwekwa sahihi mwajiri mwingine haniangalii, na mimba ya mke wangu ilikuwa ya mwezi wa nane. Nilikuwa naweza kukataa kama vile nilivyokuwa naweza kutoka kwenye lile tufe Ijumaa kwa kupiga kelele. Nikavua shati, nikaingiza mkono mmoja, kichwa, mkono wa pili.

Karani alihamisha kiti chake akakaa karibu na tundu na madaftari yake magotini. Kila baada ya muda alikuwa akiuliza, "Upo?" Namjibu, "Nipo." Nagonga nyundo. "Upo?" "Nipo." Asubuhi nzima hivyo. Nyundo ikawa inapiga mahali ambapo sikulenga, na kila nilipohama upande mmoja kwenda wa pili nilikuwa natambaa kwa tumbo.

Adhuhuri ikapita. Akauliza, "Upo?" na mie nikanyamaza. Nilinyamaza makusudi, na sina sababu nzuri ya kuieleza. Nilitaka kujua kama safari hii watakimbia.

"Upo?" akauliza tena. Madaftari yakaanguka. Nikasikia anaita, nikasikia watu wanakimbia kutoka kila pembe ya karakana, nyapara anauliza nini, nini, vyuma vinatupwa chini. Kisha mwanga ukatoweka ghafla. Mtani wangu alikuwa ameingiza kichwa chake kwenye tundu, kichwa kikubwa kile, kikaziba pote, na giza la Ijumaa likanirudia.

"Nipo," nikasema upesi. "Nipo, nipo. Toa kichwa."